Mikeka Kumi na Miwili ya Bi Mize

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake nimelimeza pamoja na tonge, aliishi Mzee Makungu, mwamuzi wa mashauri. Mmegombania mpaka wa shamba? Kwa Mzee Makungu. Kuku kataga kwa jirani? Kwa Mzee Makungu. Mke kanuna, mume kanuna? Huko huko! Akikohoa mara moja, kijiji kizima kimya. Lakini kila mwenye akili ana pahali pake pa ujinga, na pake palikuwa kwenye mkeka.

Ilianzia harusini. Mzee ameketi na wenzake, sinia la pilau limewekwa. Akashusha mkono, akapapasa mkeka. Laini! Akapapasa tena. Papasa, papasa, papasa. Akatazama ukindu wa zambarau ulivyopishana na wa manjano, na kwenye pembe, unyuzi mmoja mwekundu uliojikunja mara mbili. Alipoinua macho, sinia limebaki mifupa.

"Nani kausuka huu?"

"Tuliletewa na wakwe, mwaka wa tisa huu," mwenye harusi akajibu. "Msukaji hatumjui."

Asubuhi Mzee akashika njia. Tapu, tapu, tapu! Kila nyumba anapiga hodi, anakaribishwa, na kabla hajajibu salamu anasema, "Hebu inueni makalio kidogo, niitazame pembe." Watu wazima wakainua. Hakuna wekundu. Tapu, tapu, tapu! Kijiji cha pili. "Hebu inueni makalio kidogo." Hakuna. Kijiji cha tatu akamkuta uani mama mmoja mwembamba, vidole vyake vinakwenda kwacha-kwacha, kwacha-kwacha, na kwenye pembe ya mkeka wake, wekundu ule umejikunja mara mbili. Mzee akalia kwa furaha, bila kuona haya. Huyo ndiye Bi Mize.

"Wekundu huu wa nini, bibi?"

"Nikikutana na mkeka wangu ugenini, niujue," akasema Bi Mize, wala hakuinua uso.

Tangu hapo, kila mavuno, Mzee anakwenda na pakacha la mpunga, anarudi na mkeka begani. Ukawa mmoja, ikawa mitano, ikawa kumi na miwili. Aliiweka wapi? Darini, juu ya jiko, mbali na miguu ya watu! Wageni walikalia jamvi bovu. Kila alipoishusha kuitazama pembe, imekunjwa vilevile, na watoto wakasogea, alipiga kelele: "Usikanyage! Usikalie! Huo ni wa Bi Mize!" Hata mkewe, Bi Kazija, alilala juu ya kitanda kitupu.

"Kamba zimenichora mgongo, mume wangu. Niteremshie mmoja."

"Usikanyage! Usikalie! Huo ni wa Bi Mize!"

Siku moja zikaja habari. Macho ya Bi Mize yamefifia. Anasuka mkeka wake wa mwisho, na ataupeleka mwenyewe kwa Mzee Makungu. Lo! Mzee hakula, hakunywa. Mkeka huo aliutaka kuliko pumzi yake.

Mgeni akafika, mkeka kichwani. Sasa, desturi ya kijiji kile, mgeni haulizwi habari mpaka atandikiwe. Mzee akanong'ona, "Kazija, jamvi liko wapi?"

"Nimelichoma," akasema Bi Kazija kwa sauti tamu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mzee akatafuta ngazi. Akapanda darini, akashusha mkeka wa kwanza, akaukunjua taratibu.

Kra!

Ukapasuka katikati. Akashusha wa pili. Kra! Wa tatu. Kra! Mzee akaketi chini, mikono kichwani.

Bi Mize akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

"Mzee, ukindu unakunywa kama sisi. Unakunywa maji yaliyomwagika, jasho la mgongo, mafuta ya miguu ya watoto. Ule wa harusini ulionisimulia ulikuwa umekaliwa miaka tisa. Ulaini ulioupapasa, nusu wangu, nusu wa makalio ya watu. Wewe umeninyima hiyo nusu." Akajitwika mkeka wake, akageuka kwenda zake.

"Ngoja!" Mzee akakohoa. Majirani waliokuja kumwona mgeni wakanyamaza wote. "Shauri hili nalijua. Mshtaki ni mkeka, mshtakiwa ni mimi, na nimeshindwa. Kazija, lete maji!"

Wakainyunyizia maji ile tisa iliyobaki, wakaiacha inywe mpaka ikalegea, wakaitandaza uani. Mzee akaita, "Kanyageni! Kalieni! Ni ya Bi Mize!" Nani asogee? Watu walizoea kufukuzwa. Akatangulia mbuzi. Watoto wakamfuata. Kisha Bi Kazija akajilaza chali, akanyoosha mgongo wake, "Aaah!" Hapo kijiji kizima kikaketi.

Bi Mize akautandika ule wa mwisho mlangoni. "Kaa."

Mzee akakaa nusu kalio.

"Kaa kama mtu!"

Akakaa. Na tangu siku hiyo aliamua mashauri yote akiwa hapo hapo, mpaka alipoondoka duniani. Mkeka upo hadi leo. Wekundu uko kwenye pembe, na katikati pana mahali pawili palipong'aa, kulia na kushoto. Wagombanao huketishwa hapo, na wakijua wamekalia nini, hucheka, na ugomvi hupoa.

Basi, jamani, ukipenda kazi ya mikono ya mtu, ipe kazi. Hadithi yangu imeishia hapo. Inukeni sasa, huo mliokalia ni mkeka wangu, na mimi nataka kulala.