Kuta za Uwanja wa Marangasi

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, palikuwa na klabu ya gofu isiyokuwa na uwanja wa gofu. Msicheke mapema, kicheko mtakihitaji huko mbele.

Klabu hiyo ilikuwa katika mji wa Marangasi, kwenye baridi na migomba. Ilikuwa na mwenyekiti. Ilikuwa na mweka hazina. Ilikuwa na kamati, na ndani ya kamati kamati ndogo, na tai za kijani za wanachama, na kaunta ya vinywaji isiyojua kufungwa. Uwanja tu ndio haukuwepo. Zamani ulikuwepo, kamati ikaugawa. Leo kiwanja cha Mwenyekiti, kesho cha shemeji yake, keshokutwa cha mtoto wa shemeji ambaye bado alikuwa tumboni. Mikono ikanyooshwa mkutanoni, makofi yakapigwa, watu wakajenga. Pale penye shimo la mwisho sasa palisimama banda la kuku wa Mwenyekiti.

Basi wakubwa wa gofu wakaleta neno: klabu isiyo na uwanja itafutwa. Na kufutwa kwa klabu, ndugu zangu, ni kufungwa kwa kaunta. Wanachama walihuzunika kwa dhati.

Mwenyekiti wao, Mzee Kisamo, hakuwa mtu wa kushindwa. Akasema, "Nani kasema uwanja lazima uwe juu ya ardhi? Siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta. Mwiteni yule binti."

Yule binti ni Aikande. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba katika ofisi ya mtu. Yeye anachora, bosi anatia sahihi, na nyumba ikisimama husemwa ni ya bosi. Kujifariji alikuwa na mchezo wake wa gofu wa kwenye kompyuta. Mchezo ule humpa mchezaji ardhi tupu. Anachimba bonde, anamwaga mto, anapanda miti, anatoboa mashimo ya kulengea mpira. Akimaliza anaandika jina kwenye kisanduku kilichoandikwa "Mbunifu", jina moja tu la mtu mmoja au kikundi, kisha dunia nzima inaingia kucheza.

Aikande alikuwa hajawahi kuona jina lake juu ya kitu chochote alichokitengeneza. Hilo lilimuuma kuliko mshahara.

"Nitawajengea uwanja, mzee," akasema. "Sitaki posho. Nataka jina langu likae kwenye kisanduku."

"Chukua, binti yangu," akajibu Kisamo. "Kisanduku chenyewe kidogo, hata choo hakijengeki."

Lakini Aikande hakuwahi kuuona uwanja wa zamani. Akaenda kwa Bi Nanyaro, mwanachama mkongwe aliyeucheza tangu usichana wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na wale wezi?"

"Nimetumwa, bibi. Wanataka uwanja urudi, ndani ya kompyuta."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafumba macho, akaanza kuuhadithia. Hapa palikuwa na mteremko unaodanganya jicho. Hapa palikuwa na mkuyu, na mpira ukiingia nyuma yake ujue umepotea. Aikande akachora kwa kipanya, bibi akafumbua jicho moja na kufoka, "Mto upinde hapo, mama! Usinyooke kama mfereji wa halmashauri!" Wakafanya hivyo siku nyingi, yule anakumbuka, huyu anachora, mpaka bonde lote likarudi.

Ndipo Aikande akauliza, "Bibi, siku ya kuugawa ulikuwepo?"

Bi Nanyaro akafumbua macho yote mawili. "Nilikuwepo. Nilinyoosha mkono kama wenzangu. Kiwanja changu ni kile chenye bomba la maji."

Uwanja ukakamilika. Ulikuwa mzuri, na Aikande alipoandika jina lake kwenye kisanduku machozi yalimtoka, wala hakuyaonea haya. Akaupeleka kwa kamati.

Kamati ikautazama. Hakuna aliyeuliza shimo la kwanza liko wapi. Mzee Kisamo akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Hapo kando ya mto," akasema, "pana mwenyewe?"

"Ni mchezo, mzee."

"Mchezo, nimeelewa. Lakini pana mwenyewe?"

"Hapana."

"Basi nichoree kiwanja. Na ukuta uzunguke. Unawajua wanadamu."

Aikande akachora ukuta wa Mwenyekiti. Shemeji wa Mwenyekiti akataka ukuta, akachorewa. Mtoto wa shemeji, ambaye sasa alikuwa darasa la pili, akaombewa ukuta, akachorewa. Kila aliyepata ukuta mfupi alitaka urefushwe ufikie wa jirani. Bi Nanyaro mwenyewe akatuma salamu kwamba asisahauliwe, ikiwezekana karibu na maji. Mweka hazina, Bwana Mrindoko, alichelewa kufika kwa sababu alikuwa kaunta, akakuta pamebaki kinamasi peke yake. Akapewa kinamasi. Akakasirika kama mtu aliyepewa kinamasi cha kweli.

"Wazee wangu," Aikande akasema, "mpira utapita wapi?"

"Upite kwa jirani," akasema Kisamo.

Aikande akatazama kazi yake. Mteremko unaodanganya jicho ulikuwa umekatwa na kuta mbili. Mkuyu ulikuwa ndani ya geti la mtu. Alichukia. Akafuta jina lake kwenye kisanduku, akaandika "Kamati", akasema mbele yao wote, "Uchafu huu uitwe kwa jina la walioutaka. Mimi simo."

"Vizuri," wakajibu wao. "Sasa uwanja una adabu."

Siku ya uzinduzi wakafunga turubai, wakapanga viti, wakamwalika mgeni rasmi, naye akauliza utepe wa kukata uko wapi. Picha ya uwanja ikamulikwa ukutani. Mzee Kisamo akashika kipanya kufungua dimba. Akapiga. Mpira ukagonga ukuta wa shemeji, ukamrudia miguuni. Akapiga tena, ukamrudia. Mgeni rasmi akakohoa kwa heshima. Akapiga tena.

Hapo Bwana Mrindoko akainuka. Koo lilikuwa limelowa na kinamasi bado kilikuwa kimemkaa rohoni. "Nipishe, Mwenyekiti! Mimi mpira wako siutaki, mimi nataka ukuta wako!" Akampokonya kipanya, akaulenga ukuta wa Kisamo kwa hasira zake zote, akapiga.

Mpira ukagonga ukuta wa Kisamo. Ukatoka hapo ukagonga ukuta wa shemeji. Ukatoka hapo ukapaa juu ya geti la mtoto wa darasa la pili, ukateremka ule mteremko wa Bi Nanyaro, ukajipinda na mto, ukatumbukia shimoni.

Turubai zima likalipuka kwa kelele.

Mrindoko hakuachia kipanya tena mpaka jua likazama. Akajifunza kila ukuta unarudisha mpira vipi, akajirekodi, akarusha mtandaoni huku akitukana majirani mmoja mmoja kwa majina. Watu wakaona. Wakaja kucheza watu wasioweza hata kulitamka jina la Marangasi. Wakubwa wa gofu wenyewe wakasahau kuifuta klabu, walikuwa wanahangaika na ukuta wa shemeji.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wenye mchezo. Uwanja huu ndio bora kuliko vyote, wakasema, na aliyeubuni tunamtaka aje tumpe kazi ya kubuni viwanja vyetu vyote. Ila kwenye kisanduku tumesoma "Kamati", na kamati hatuajiri. Andikeni jina la mtu mmoja kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Likiandikwa halifutwi, na lisipoandikwa tunachagua uwanja mwingine.

Wahenga hawakukosea waliposema mtoto mbaya ni wa mama. Mtoto huyu, yule uwanja wa kuta, sasa alikuwa amepata cheo, na baba zake wakajaa ukumbini.

Mzee Kisamo akasema, "Viwanja vizuri vimejaa tele duniani. Huu umesifiwa kwa nini? Kwa kuta. Ukuta wa kwanza ni wangu. Nisingetaka, usingekuwepo. Niandikeni mimi."

Bi Nanyaro akasema, "Ukuta umejengwa juu ya nini? Juu ya bonde langu. Nyinyi mliliua, mimi nililitunza kichwani. Mpira uliingia kwa mteremko na mto, na mteremko na mto ni vyangu. Niandikeni mimi."

"Ulinyoosha mkono nawe, bibi!" Kisamo akampigia kelele.

"Niliunyoosha. Na wako ulikuwa juu tangu asubuhi."

Bwana Mrindoko akasema, "Kabla yangu palikuwa na bonde na kuta, na mpira unaomrudia Mwenyekiti miguuni. Nani aliujua kuwa ni mchezo? Mimi."

"Ulikuwa umelewa," wakamwambia.

"Nilikuwa nimelewa, na nyinyi wazima mlikuwa mnapiga makofi."

Mwisho akasimama Aikande. "Bibi alikumbuka, sikatai, lakini kumbukumbu haichezwi. Mzee alitaka kuta, lakini kutaka si kujenga. Bwana Mrindoko aliupiga mpira niliouweka mimi. Kila jani la uwanja ule limepita mkononi mwangu."

Mzee Kisamo akavua miwani, akasema taratibu, "Binti yangu, kisanduku tulikupa. Nani alifuta jina lako?"

Aikande alikuwa amelifuta mwenyewe, mbele yao wote.

Ijumaa ikafika. Neno la siri la kuufungulia uwanja alilijua Aikande peke yake, kwa hiyo alikaa yeye mbele ya kompyuta na wale watatu wakasimama nyuma yake wakipumua shingoni mwake. Angeweza kuandika jina lake, nani angemzuia? Kazi aliyoiota tangu ujana ilikuwa hapo. Lakini alijua pia kwamba uwanja alioulilia kwa uzuri haukuuliziwa na mtu, na ule alioutemea mate ndio ulioitwa bora. Saa ya ukutani ilikaribia adhuhuri. Neno "Kamati" alikuwa amekwisha kulifuta, na kisanduku kilikuwa kitupu.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka tangu mwanzo, sasa semeni. Yuko aliyekumbuka, naye aligawa. Yuko aliyetamani, na tamaa yake ikazaa. Yuko aliyegundua, naye alikuwa anatafuta ugomvi. Yuko aliyejenga, naye alikana. Msiniambie "kamati", wenye mchezo wamekataa. Jina ni moja, na halifutwi. Je, nani alistahili?