Mzee Ngwali na Ua wa Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mliolambishwa uji? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla bibi yenu hajaota jino, kijijini paliishi mtu aitwaye Ngwali. Wenziwe wakienda ngomani, yeye yuko shambani, magoti chini, matako juu, anatazama wadudu. Akiwafuga vibuyuni. Akihesabu siku zao za kutaga, za kuangua, za kulala. Watu wakamcheka, kwi kwi kwi!

Mkewe, Bi Mkasi, akamwambia, "Mume wangu, funza unawajua mpaka ukoo. Mama yangu mzazi umemsahau jina."

"Mama yako hali mtama wa watu," Ngwali akajibu.

Jibu gani hilo kwa mke!

Akazeeka hivyo hivyo. Akajenga banda, akafundisha kilimo. Wanafunzi watano: wajane watatu, na wavivu wawili waliokimbia jembe.

Basi mtama ukaanza kufa. Mwaka wa kwanza mabua yakakatika, ko! Mwaka wa pili, ko! ko! Watu wakala mizizi. Ikabaki mbegu ya kupanda mara moja tu. Ikifa hiyo, kijiji kinahama.

Jumbe Mwekwa, kitambi kama mtungi, akaita watu mbele ya ua wake. "Mbuzi tumechinja, mtama haukujali. Nani ana neno?"

Mzee Ngwali akasimama. "Funza hafi kiangazi. Analala ndani ya bua kavu. Nanyi mkishavuna, mabua mnayafanyia nini?"

Kila mtu kajengea ua. Na ua wa Jumbe ulipita zote, hata twiga asingechungulia.

"Chomeni nyua zote kabla ya mvua."

"Tukae peupe kama mbuzi?" Jumbe akafoka. "Mzee, wadudu wamekuingia kichwani!"

Watu, kwi kwi kwi! Tumbo tupu, na bado wanacheka. Wapumbavu hawaishi.

Ngwali akachomoa bua kwenye ua wa Jumbe, akalipasua, twaa! Funza wanne wanono, pu! pu! mapajani kwa Jumbe.

"Wageni wako hao. Umewalaza kiangazi kizima."

Vicheko vikakatika. Wale wajane wakashika vijinga vya moto, wakaanza na nyua zao wenyewe. Jumbe akaruka, "Wangu msiguse! Wangu hauna funza!"

Na funza wanatambaa kwenye shuka lake!

Wakautia moto. Wuuu! Ua ukalala. Nyuma ya nyumba pakaonekana nini? Maghala matatu, mtama umejaa pomoni! Na wake zake wanapepeta, midomo inang'aa mafuta.

"Jumbe wetu," Bi Mkasi akaita kwa upole, "nasi tulidhani kitambi hicho ni huzuni."

Mtama ukagawanywa, nyua zilizobaki zikachomwa, mbegu ikapandwa, mabua yakasimama wima. Waliocheka wakajisukuma bandani kwa Ngwali, wengine na vigoda vyao. Yeye hata hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye majivu ya ua, akitafuta funza aliyepona.

Anayekataa dawa kwa kelele, mchungulieni nyuma ya ua wake. Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kitambi na ajikune.