Kiboko Aliyetaka Kuliliwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kishindo!
Kishindo cha nani? Ngojeni, msinikimbize. Nyie wa nyuma acheni kusukumana. Na wewe unayetikisa goti, tikisa tu, maana hata mwenye hadithi hii kutulia hakujui.

Basi. Hapo kale wanyama walikuwa na uwanja wao wa mieleka, uwanja wa vumbi jekundu kando ya bwawa. Sheria ilikuwa moja: mgongo ukigusa vumbi, umekwisha. Mwamuzi alikuwa Mzee Kobe. Walimchagua yeye kwa sababu ubaya wa kulala chali anaujua kuliko wote. Hakuwa msemaji, Mzee Kobe. Mgongo ukigusa chini alitamka neno moja, "Vumbi," na ubishi ukaisha.

Bingwa wa kiangazi ndiye aliyeingia bwawani kwanza kila asubuhi. Na bingwa, kiangazi hadi kiangazi, alikuwa Kiboko. Anaingia, chubwiii! Anagaagaa, anakoroga, anajamba humo humo, bubububu. Akitoka, wenzake wanakunywa tope.

Mmoja wa wanywa tope alikuwa Nguchiro, kanyama kadogo kenye mkia mrefu, kasikokaa mahali pamoja. Watoto wake waliumwa matumbo kila siku. Binti yake wa mwisho akamwuliza, "Baba, maji haya tunakunywa au tunatafuna?"

Nguchiro akamfuta tope mdomoni. Ilimwuma jamani, ilimwuma hasa.

Lakini kumwangusha Kiboko, nani aweze? Nyati alijaribu, akashindwa. Chui alijaribu, akashindwa. Na mwenye tamaa hatosheki. Ushindi anao, maji anayo, sasa Kiboko akataka na kuliliwa! Akamwita Kasuku. "Kabla ya kila pambano utunge kisa," akamwambia. "Nionewe. Nisalitiwe. Watu watokwe na machozi. Halafu ndiyo nishinde."

Hapo ndipo mieleka ilipoharibika. Kasuku anaanza jua likichomoza, anasimulia, anasimulia, anasimulia. Chui, ambaye zamani akipiga mtama uwanja mzima unasimama, sasa anaambiwa awe ombaomba kipofu. Nyati anaambiwa ni pacha wa Kiboko aliyepotea utotoni. Pacha gani, na pembe zile! Kisa kinapoisha, wapiganaji miguu imekufa ganzi. Wanashikana, puu, basi. Hata kabari moja hujaiona.

Watazamaji wakawa wanaguna. Nguchiro mguu wake ukawa unapiga chini wenyewe, tiki tiki tiki.

"Mieleka iko wapi?" anauliza.

"Tulia, kisa hakijaisha," anajibiwa.

Anakaa, anainuka. Anakaa, anainuka. Tiki tiki tiki. Kule nyumbani watoto wanaharisha, hapa anasimuliwa habari za pacha!

Siku hiyo akamwona Kiboko anamchungulia Nyumbu usoni kutafuta chozi. Halikuwapo. Nyumbu alikuwa anapiga miayo. Kiboko akanuna, midomo ikamning'inia. Mguu wa Nguchiro ukatulia ghafla.

Asubuhi yake akaenda bwawani. "Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, kabla sijakukanyaga."

"Nimekuja kukupa pole. Jana hakulia mtu."

Kiboko akashusha pumzi, fuuu. "Umeona eh? Kasuku kazeeka."

"Si Kasuku, Bwana. Ni wewe. Unaonewa umesimama, unasalitiwa umesimama. Nani amlilie aliyesimama? Wanaliliwa waliolala."

Kiboko akatoa masikio majini.

"Mimi nitakuwa yatima uliyemlea," Nguchiro akasema, "ukanilisha, ukanivisha. Siku ya pambano nakugeuka. Nakugusa kifuani na kidole, na wewe kwa uchungu wa moyo unaanguka, unakata roho. Wanalia! Halafu unafufuka, unaniponda. Wanalia tena!"

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Bwana. Kushinda si kazi. Kuliliwa ndiyo kazi."

Kiboko akatabasamu. Kisha akakunja uso. "Na Mzee Kobe je?"

Mguu wa Nguchiro ukapiga tiki! Lakini mdomo haukutetereka. "Mzee Kobe ni mwamuzi wa mieleka. Kwani hii yenu bado ni mieleka?"

Kiboko akacheka mpaka bwawa likatoa mawimbi. "Kweli bwana! Hii ni hadithi."

Wakaanza mazoezi. Kiboko akaanguka kiubavu, puu.

"Ubavu hauwalizi watu," Nguchiro akasema. "Chali."

Akaanguka kifudifudi, puu.

"Hapo unaonekana umelewa. Chali, Bwana. Chali ndiyo inayochoma moyo."

Nyumbani Nguchiro hakumwambia mtu, hata mkewe. Siri ya wawili ni siri, ya watatu ni mbiu.

Siku ya pambano la ubingwa ikafika. Kasuku akasimulia ya yatima mpaka koo likamkauka. Jua kali, nzi kibao, watu wanajigeuzageuza, mtoto wa Nyani anataka kukojoa. Hatimaye Nguchiro akajitosa uwanjani, akanyoosha kidole, akamgusa Kiboko kifuani. Tik.

"Aaah!" Kiboko akapepesuka. "Mwanangu niliyekulea!"

Haya, anguka, Nguchiro akawaza.

Hakuanguka. Utamu wa kutazamwa ulikuwa umemkolea. Akapiga goti, akainuka. "Nilikupa majani mabichi!" Akapiga goti, akainuka. "Nilikubeba mgongoni!" Akapiga goti, akainuka. Maneno yenyewe Kasuku hakuyatunga, anajitungia tu! Nguchiro jasho likamtoka mpaka mkiani. Watu wamechoka, wengine wameanza kuondoka, na Kiboko akiwaona wanaondoka ataghairi kufa, ataruka moja kwa moja kwenye kumponda mtu.

Kweli, Kiboko akageuka, akaona migongo ya watu. Macho yakamwiva. Akainua mguu juu ya Nguchiro, mguu mzito kama kinu.

Pale pembeni Mama Nguchiro, maskini, ambaye hakuambiwa kitu, akaona mguu ule juu ya mumewe. "Uwiii!" akalia. "Uwiii, jamani, mume wangu!" Na watoto wote wakaangua kilio. Kilio cha kweli, si cha Kasuku.

Kiboko akasimamisha mguu hewani. Masikio yakacheza. Wanalia! Hatimaye wanalia! Machozi yenyewe haya hapa, na yeye hajafa bado! Akarudisha mguu upesi, akashika kifua, akageuza macho, akajirusha nyuma.

PUUU!

Chali. Miguu minne juu.

Nguchiro akachuchumaa pembeni yake. Mzee Kobe akaja, kokota, kokota, kokota. Akainama upande huu, akachungulia. Akazunguka, kokota, kokota, upande ule, akachungulia.

"Vumbi," akasema.

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Kiboko akafumbua jicho moja. "Bado! Sijafufuka! Mzee, hii ni hadithi tu!"

"Hadithi sikuisikia," akajibu Mzee Kobe. "Mgongo nimeuona."

Kiboko akajaribu kuinuka. Kulala chali na tumbo lile si mchezo. Alipomaliza kupapatika, uwanjani hakuna mtu, wote wako bwawani. Nguchiro na familia yake wameingia kwanza, taratibu, bila kukoroga. Mkewe bado anamfinya kwa kumficha ile siri. Binti wa mwisho akainama anywe, akaruka nyuma.

"Baba! Kuna mtoto humu!"

"Ni wewe, mama," Nguchiro akamwambia. "Maji yakiwa safi unajiona."

Akanywa. Hakutafuna.

Kiangazi kilichofuata Kasuku aliombwa anyamaze. Nguchiro akapambana na Digidigi, wakasakamana mpaka vumbi likafika mawinguni, akapigwa mtama mzuri ajabu, akalala chali akishangilia. Kiboko naye akasimama kwenye foleni ya maji, nyuma ya Nungunungu, akijieleza kwa yeyote wa kumsikiliza kwamba alikuwa karibu kufufuka.

Sasa funzo, andikeni vichwani. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Mimi nasema msitake hadithi. Hadithi hazina faida. Zinachelewesha mieleka, zinawatia watu uchungu wa bure, na zinakunyang'anya bwawa ukiwa umefumba macho. Mtu akikuambia "Paukwa," kimbia.

Mbona mmekaa? Nendeni. Hadithi yangu imelala chali, mgongo umegusa vumbi; mwenye misuli na aiinue.