Kamba Haina Shavu

Kamba haina shavu. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo yule muuza dawa ya kuku, mkacheka hadi mkashika mbavu, na sasa mnanijia mimi kuuliza kamba na shavu vinahusiana vipi. Haya, kaeni, na wewe weka hiyo simu chini. Neno hili lilianza hivi.

Zamani, huko Unyamwezi, alikuwako fundi wa magobore jina lake Mihambo. Mitutu aliifua mwenyewe, kwa chuma cha majembe yaliyochakaa. Kwa miaka thelathini hakuna gobore lake lililorudi na lawama, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo, tusifichane.

Mafundi wa kule walikuwa na desturi yao. Gobore likikamilika, lilishindiliwa baruti maradufu na kufungwa kwenye kisiki. Fundi alijibanza nyuma ya kichuguu, akavuta kamba ndefu iliyofungwa kwenye kifyatulio, watu wakitazama. Mtutu ukisalimika, aliyeliagiza alikabidhiwa gobore lake palepale.

Mwaka huo nyati waliingia mashamba ya mtama. Walimuua kaka wa mkulima mmoja jirani, Lugendo, na kundi likawa linarudi kila alasiri. Lugendo akaja kwa Mihambo kuomba gobore la haraka, na kila asubuhi alikuja kusimama mlangoni kwa fundi. Fundi akafua mbio mbio, roho juu.

Siku ya kujaribu ilipofika, kamba ilivutwa, gobore likalia, moshi ukatanda, mtutu ukabaki mzima. Watu wakapiga vigelegele. Mihambo akaugonga mtutu kwa nyundo ndogo, kwa mazoea tu. Mtutu mzuri hutoa mlio mkali unaodumu. Huu ulitoa sauti butu, kama chungu chenye ufa. Moyo ukampiga paa! Lakini Lugendo alikwisha nyoosha mikono, na umati wote ulikuwa unamsifu fundi. Akajiambia ni kelele za watu zimemchanganya. Akamkabidhi.

Tangu hapo hakutulia. Alikaa, akainuka. Alishika mvukuto, akauacha. Ugali ukaletwa, akamega tonge moja akalirudisha sahanini. Mkewe, Kalunde, akamuuliza anaumwa nini, naye akajibu kwamba gobore limefaulu, kila mtu ameona. Kalunde akasema hakuuliza habari za gobore.

Ndipo Mihambo alipomweleza ile sauti. Mwanamke akamuuliza, "Baba Kulwa, ungeliweka wewe shavuni?"

Mihambo alitoka mbio, mtu mzima na kitambi chake, akikata mashamba ya watu, jua la alasiri likimchoma utosini. Kila hatua alidhani atasikia mlio. Alijilaani njia nzima.

Alimkuta Lugendo amepiga goti pembeni ya mtama wake, gobore limeshindiliwa, nyati wamekwisha toka kichakani.

"Lishushe, Lugendo."

"Fundi, si umelijaribu mbele ya watu wote?"

"Nimelijaribu kwa kamba. Mtutu nina mashaka nao."

Lugendo alitazama nyati, akamtazama fundi. Ndugu yake alikuwa kaburini, na chakula cha watoto wake kilikuwa kinaanza kukanyagwa mbele ya macho yake. Akamsukumia lile gobore kwa hasira.

"Basi lipige wewe."

Mihambo akalipokea. Akaliinua, akalenga, shavu likakaribia chuma. Akalishusha.

"Siwezi," alisema.

"Lakini mimi ulinipa."

"Nilikupa. Mimi nilikuwa nyuma ya kichuguu, ndugu yangu. Kamba haina shavu."

Nyati walikula mtama ule wote, nao wawili wamesimama wanaona, na Lugendo alilia waziwazi. Walipoondoka, alidai kwa uchungu aoneshwe kama kweli lilikuwa bovu au fundi ameingiwa na woga tu. Wakalifunga kwenye mti, wakavuta kamba kwa mbali. Mtutu ukapasuka, na kipande cha chuma kikazama kwenye gome la mti, kando ya kitako, pale ambapo uso wa mtu ungekuwa. Lugendo akakigusa kwa kidole. Akaketi chini.

Msimu ule familia ya Lugendo ilikula kutoka ghala la Mihambo, na Kalunde hakunung'unika. Fundi akafua mtutu mwingine, taratibu safari hii, hata aliyemhimiza hakumsikiliza. Siku ya kujaribu watu walileta kamba kama kawaida. Mihambo akawaambia wairudishe. Akalishindilia mwenyewe baruti maradufu, akalaza shavu lake kwenye kitako, Kalunde akafumba macho. Gobore likalia. Sikio la fundi lilivuma mpaka jioni, na shavu likawa jeusi kwa moshi, lakini alikuwa mzima. Akampa Lugendo gobore likiwa bado lina joto, naye akalipokea bila kuuliza swali.

Basi mtu akikuletea kitu, akakuapia kwamba kimeshajaribiwa, mwangalie kwanza alisimama wapi wakati wa kukijaribu. Kamba haina shavu.