Beseni la Mwantumu

Sufi na pamba, majini hujulikana. Ndiyo methali uliyoambiwa na mkeo asubuhi hii, Hemedi, ukaja nayo kwangu kama mtu aliyepewa ufunguo asijue mlango wake. Na ninyi wengine acheni kumcheka, maana hakuna hata mmoja wenu anayejua ilikotoka. Kaeni chini. Mchele huu ninaouchagua hauna haraka, nami sina haraka. Asili ya maneno hayo ni hii.

Katika mji mmoja mdogo wa bonde la Mkata palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Wanaume wa mji ule waliingia kiwandani asubuhi wakiwa weusi, wakatoka jioni weupe, nyuzi za pamba zimewajaa kwenye nywele, kwenye nyusi na hata masikioni. Pamba hiyo iliingia pia mifukoni na kwenye pindo za suruali, na wake zao walikuwa na desturi yao. Kabla ya kufua, mwanamke alitandika mkeka, akaipindua mifuko ya mumewe, akaipukuta, kisha kile kiganja cha pamba akakitia ndani ya kopo. Kopo likijaa mara kadhaa, ukapatikana mto mdogo. Mtoto wa pale alilalia mto uliotoka mifukoni mwa baba yake, na mama aliyemnunulia mwanawe mto wa dukani alisengenywa mpaka akome.

Kobelo alifanya kazi kiwandani humo miaka kumi na miwili, kwenye mashine ya kufunga marobota. Mkewe aliitwa Mwantumu. Walikuwa na watoto wawili, Chiku na Salehe, kila mmoja na mto wake. Wa tatu alikuwa tumboni, miezi saba, na kopo lake lilikuwa limefika nusu.

Basi mwenye kiwanda akaleta mashine mpya, inayofunga robota bila kuguswa na mtu. Msimamizi akawaita watu wanne, akawashukuru kwa kazi nzuri, akawaambia kesho wasije. Kobelo alikuwa wa kwanza kuitwa. Unga wake ulimwagika siku hiyo, na hakuna aliyemsaidia kuuzoa.

Kobelo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wema: alidhani kumficha mkewe jambo ni kumlinda. Njiani kurudi nyumbani alijisemea, "Nikimwambia leo atashtuka, na hali aliyo nayo si ya kushtushwa. Nitamwambia akishajifungua." Kesho yake akavaa kaki zake za kazi, akachukua bakuli lake la chakula, akaaga, akatoka.

Atoke aende wapi? Nje ya mji kulikuwa na barabara ya zamani ya shamba la mkonge lililokufa, na pande zote mbili za barabara kumepandwa misufi. Asubuhi alizunguka kuuliza kazi huku na huku, akaambiwa hakuna. Mchana alikaa chini ya msufi, akafungua bakuli. Mwantumu alikuwa amempikia mihogo ya nazi, akaijaza mpaka mfuniko haufungi vizuri, kwa kuwa mwanamume anayebeba marobota sharti ashibe. Kila tonge lilimkwama Kobelo. Asikudanganyeni mtu: afadhali njaa kuliko kushiba chakula ulichokipata kwa uongo.

Jumamosi ilipofika, Mwantumu alitandika mkeka, akaipindua mifuko. Hakikudondoka kitu.

"Baba Chiku," akaita, "wiki hii mashine zililala?"

"Zinasafishwa," akajibu Kobelo. Lilimtoka jibu hilo bila kigugumizi, akajiogopa mwenyewe.

Wiki ya pili alikaa pale pale barabarani, anawaza mifuko yake. Ulikuwa msimu wa sufi kukomaa. Maganda yalikuwa yanapasuka juu ya mti, na sufi nyeupe inamdondokea mabegani. Akaitazama. Akaitia kidogo mfukoni, kisha nyingi, nyingine akaisugua kwenye nywele na nyusi. Alijikagua, akajiona mtu wa kiwandani kamili. Akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu amwage unga.

Sasa sikilizeni kosa lake. Kobelo alijua kuibana pamba mpaka iwe ngumu kama tofali, lakini maishani mwake hakuwahi kufua hata kitambaa chake cha jasho. Kwa macho, sufi na pamba ni ndugu, na Kobelo alikuwa anaiona pamba ikiwa kavu tu. Mwenye mikono majini alikuwa mwingine.

Mwantumu akapukuta mifuko, akatia kiganja kile koponi, akaziloweka nguo. Wiki ya tatu vilevile. Kobelo akaona siri yake imetulia, ila yeye mwenyewe hakutulia. Alikonda. Watoto wakimrukia jioni kumsalimia, alihisi wanamsalimia mtu mwingine.

Mwisho wa wiki hiyo ya tatu, akapita mtu anayeandikisha vibarua wa shamba moja la kaskazini, mbali sana. Mkataba miaka miwili, hakuna likizo, lori linaondoka Jumatatu alfajiri. Kobelo akatoa jina lake. Alipofika nyumbani akasema, macho yake yako kwenye ukuta, "Mama Chiku, kiwanda kinanipeleka kozi. Jumatatu."

"Kozi ya muda gani?"

"Si muda mrefu."

Mwantumu alimtazama, kisha akaingia chumbani, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akampa. Hakuuliza la pili. Kobelo alikuwa amejiandaa kwa maswali kumi, na kukosa hata moja kulimtia hofu.

Jumapili asubuhi Kobelo alikuwa anapanga nguo sandukuni, akisikia sauti ya maji uani. Mkewe akamwita.

"Baba Chiku, hebu njoo mara moja."

Alimkuta ameketi kwenye kibao, beseni la maji mbele yake, kopo la mtoto pembeni. Mwantumu akachota pamba ya chini kabisa koponi, akaitia kwenye maji, akaifinya mara mbili. Ikanywa maji, ikalegea, ikazama taratibu. Kisha akachota ya juu, akaitia, akaifinya vilevile, akaiachia. Ikarudi juu. Akaisukuma kwa kidole mpaka chini ya beseni. Ikarudi tena juu, ikakaa kama bata.

"Ile ya chini ni ya kabla ya mwezi huu," akasema. "Hii ni ya wiki hizi mbili. Siku hizi kiwandani kwenu mnafunga marobota ya sufi, mume wangu?"

Kobelo alitazama sufi ile inaelea. Akakaa juu ya kinu kilicholala pale uani.

"Umejua lini?" akauliza.

"Wiki ya pili. Nilipoloweka shati lako, sufi iliyobaki kwenye mishono ikaja juu yote. Nikajua huendi tena kiwandani."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nikasema, huyu ni mwanamume, ana haya, nisimvue nguo. Nikakupikia mihogo, nikakungoja. Lakini jana umekuja na habari ya kozi, ndipo nikaona kungoja kwangu nako kumekuwa uongo. Kozi ya nini, Baba Chiku? Ya kujifunza kuelea?"

Kobelo akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Akamwambia yote: mashine mpya, watu wanne, barabara ya misufi, lori la Jumatatu, miaka miwili.

Mwantumu aliposikia miaka miwili, mkono wake ukaacha maji.

"Miaka miwili! Na huyu," akashika tumbo, "atakayemwadhinia sikioni ni nani? Dereva wa lori?"

"Niliogopa utashtuka, Mama Chiku. Niliogopa utaniona si mtu."

"Nimeshtuka, nimekwisha shtuka, na mtoto anacheza kama kawaida. Mimi sikuolewa na mashine ya marobota. Kazi imekwenda, wewe upo. Ukienda wewe nitabaki na nini, sanduku?"

Hapo ndipo Kobelo alipovuta pumzi mpaka tumboni. Alikuja kusema baadaye kwamba kwa wiki tatu alitembea na robota mgongoni, na siku ile kwenye kile kinu mtu alimsaidia kulitua. Lori la Jumatatu liliondoka, kiti cha Kobelo kikiwa kitupu. Naye Kobelo alikula ugali wa mchana, akaongeza, akaongeza tena, mpaka Chiku akauliza kama baba alikuwa mgonjwa na sasa amepona. Mama yake akamjibu kwamba ndiyo, amepona.

Kazi haikurudi. Msije mkadhani kukiri kunarudisha kazi. Lakini jioni ya Jumatatu hiyo, wakati wa kulipukuta kopo ili sufi itupwe, Salehe aliishika, akaiweka shavuni, akakataa kuitoa. Ilikuwa laini kuliko pamba ya mifukoni, na haikuwa na vumbi la mbegu. Mume na mke wakatazamana. Asubuhi yake Kobelo alirudi kwenye barabara ile ile, safari hii na magunia, na mkewe anajua alikokwenda. Mwantumu alishona foronya, Kobelo akajaza na kushindilia kwa mikono yake ya marobota, na mito yao ikaanza kutafutwa. Hawakutajirika. Walikula, watoto wakasoma, na mihogo ya nazi ikawa inashuka kooni vizuri.

Miezi miwili haikutimia, Kobelo akawa nje ya mlango, anazunguka kama kuku anayetaka kutaga, mpaka aliposikia sauti ya mtoto. Akaitwa ndani. Akamwadhinia sikioni, kisha akamlaza kwenye mto wake. Ndani ya mto ule, chini kulikuwa na pamba, juu sufi. Mwantumu hakutaka kutupa hata moja.

Methali yenyewe ilitoka kwa jirani, Bi Tunu, aliyekuwa anafua upande wa pili wa ua Jumapili ile, mikono yake ikiwa kazini na masikio kwa Kobelo na mkewe. Alikwenda nayo bombani kesho yake, na kwa mwezi mzima hakuna mwanamume wa mji ule aliyerudi nyumbani bila mifuko yake kutiwa majini kwanza. Watu waliposema, sufi na pamba, majini hujulikana, walikuwa na maana kwamba huwezi kumficha hali yako mtu anayekufulia, anayekupikia, anayelala upande wa pili wa kitanda. Anajua. Anangoja tu useme, na kadiri unavyochelewa ndivyo unavyomchosha kungoja.

Haya, mchele wangu umekwisha. Lakini nami nina swali moja, Hemedi. Mkeo alipokuambia maneno hayo asubuhi, alikuwa anafanya nini? Anafua?

Mbona umeinuka? Na ninyi mbona mmeacha kucheka? Hebu mpisheni apite. Nenda, mwanangu, nenda nyumbani. Ukifika usianze na kozi, anza na ukweli. Mimi nakuhakikishia hakuna utakachomwambia ambacho hakijaelea mbele yake tayari. Sufi na pamba, majini hujulikana.