Kindi Mpima Siagi na Majarini

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakinywa chai mezani kama sisi, Kiboko na mkewe walikaribia kuachana kwa sababu ya kitu cha kupaka mkate.

"Hiyo siagi yako ni mafuta matupu ya ng'ombe!" alinguruma Kiboko. "Itakuziba mishipa, uniache mgane!"

"Mfyuu!" mkewe akasonya. "Na majarini yako je? Mafuta yalikuwa yanatiririka vizuri, wakayalazimisha yagande. Moyo wako ndio utakaoganda, baba watoto!"

Kindi, jirani yao wa mtini, alisikia yote. Tumbo lake lilikuwa tupu. Akavaa miwani, akateremka pru! mpaka mlangoni.

"Hodi! Shikamooni. Mimi ni daktari wa moyo. Msiachane bure, nitawapimia."

"Utapima kwa kitu gani?" aliuliza Kiboko.

"Kwa ulimi, mzee wangu."

Akapaka siagi kwenye mkate, nyam! "Mbaya hii! Mafuta mazito." Akapaka majarini, nyam nyam! "Lo! Hii nayo hatari!"

"Sasa tufanyeje, daktari?" Bi Kiboko aliuliza.

"Msiguse chochote mpaka nimalize uchunguzi. Nyinyi kuleni mapapai, mtembeetembee. Sumu hii nileteeni mimi. Ndiyo kazi yetu, shemeji, kujitolea."

Basi kila asubuhi Kindi akaletewa bakuli la siagi na kopo la majarini, naye akajitolea bila kuchoka. Viboko wakala mapapai, wakatembea bega kwa bega, hata ugomvi wakausahau.

Siku moja Bi Kiboko akatazama juu, akamwona Kindi ameingiza kichwa kizima ndani ya kopo.

"Baba watoto! Huo ni uchunguzi gani?"

Kindi akashtuka, akarukia tawi jingine. Kraa! Tawi likakatika. Puu! Akaanguka, akainuka, akakimbia. Ah, kukimbia! Miguu ilikataa, moyo ukampiga du! du! du! Akaketi akihema. Viboko wakamfikia bila hata jasho.

Kindi akafumba macho, akingoja kukanyagwa.

"Hebu tuambie, daktari," Bi Kiboko akasema polepole. "Ni ipi iliyokufikisha hapa? Siagi au majarini?"

"Sijui, shemeji," Kindi akalia. "Nilikuwa nazichanganya!"

Viboko wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nanyi, wanangu, mtu akiwakataza chakula, mtazameni kwanza mdomo wake kama haung'ai mafuta.