Beseni la Kaa

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na ghuba.
— Na maji yake!
Na mwenye tamaa, alikuwepo?
— Huyo hakosekani!

Basi, mwenye tamaa alikuwa Mamba wa pwani. Alikuwa na chusa refu la kuchomea nyangumi. Akamuua wa kwanza, akala akashiba, mabaki yakaoza. Akamuua wa pili, akala akashiba, mabaki yakaoza. Akabaki Mama Nyangumi peke yake, aliyeingia ghubani kujifungua. Lakini kamba ya chusa ilikuwa imekatika.

"Nikipata kamba mpya tu, huyu naye wangu," Mamba akasema.

Kaa alimsikia, na roho ikamuuma. Alimpenda yule mama. Ila Kaa ni Kaa, ungeweza kumkanyaga usijue.

Akaenda sokoni kwa Ngiri, msokota kamba.

"Ndugu yangu, usimuuzie Mamba."

"Ndiye mteja wangu mkubwa! Nitakula nini?"

"Na nyangumi wakiisha, yeye atakula nani?"

Ngiri akaendelea kusokota kamba juu ya paja lake, lakini polepole.

Kesho yake Kaa akaweka beseni la maji langoni mwa soko. Kila mteja anawe kwanza. Kima akanawa, chubwi! Maji safi, akapita. Akafika Mamba.

"Nawa, mzee."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mnanisingizia bure. Mimi nakula dagaa tu!"

Chubwi! Mafuta ya nyangumi yakatanda juu ya maji, soko zima likaona.

"Leo kamba sina," akasema Ngiri, naye ameikalia.

Mamba akamtuma shemeji yake, Kenge.

"Nawa."

"Mimi?"

"Wewe."

Chubwi! Mafuta. Kumbe Mamba alimhonga mnofu wa nyangumi.

Mamba akaona heri avue samaki kwanza. Akatega madema yake ghubani. "Hali kitu mpaka aliache chusa," Kaa akawaambia wenzake. Kaa wote wakatoka mashimoni, kacha! kacha! Kamba za madema zikakatika, mitego ikachukuliwa na maji.

Huku sokoni, panya wakazitafuna kamba zisizo na mnunuzi. Ngiri akalia waziwazi.

"Kaa, hasara hii atanilipa nani?"

"Sijui, ndugu yangu," Kaa akasema, na aibu ikamshika, maana kweli hakujua.

Ngiri akalala na njaa. Lakini hakuuza.

Hatimaye Mamba akaja, mbavu nje, akalitupa chusa miguuni pa Kaa.

"Livunjeni. Nipeni kamba ya dema, nife na dagaa zangu."

"Nawa kwanza."

Akanawa, akasugua, akanawa tena, mpaka maji yakatulia safi. Ngiri akampimia kamba nyembamba, ya dema tu.

Siku hiyo ghubani ikasikika pumzi ya Mama Nyangumi: pwaaa! Kisha nyingine, ndogo: pwa! Soko zima likaacha biashara, likasikiliza.

Hapo ulimi wangu umechoka. Ikiwa tamu, gawaneni. Chumvi ikizidi, nilaumuni mimi.

— Na funzo lake?

Funzo? Msinawe mikono, wanangu. Mmeona yaliyompata Mamba.